Safari ya Kilomita 386 Kwenda kwa Ndugu

Barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma inaupita mji wetu wa Babati katikati. Mabasi yanayotoka kaskazini hupita Minjingu na Magugu, yakafika hapa chini ya Mlima Kwaraa, yakashusha na kupakia, kisha yakashika njia ya Bonga, Bereko na Kondoa. Kipande cha Babati hadi Dodoma peke yake ni kilomita 251. Tangu kilipokamilika kwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018, safari iliyokuwa ikiwajaza watu vumbi hadi kwenye kope imekuwa ya saa chache.

Sasa, wanangu, chukueni njia hiyo karibu nzima, kutoka Arusha mpaka mnapoanza kuikaribia Dodoma. Ondoeni mabasi. Ondoeni Noah na bodaboda. Barabarani mbakizeni mzee mmoja wa miaka 73, macho hayaoni vizuri, nyonga zimechoka, hatembei bila mikongojo miwili. Amekaa juu ya mashine ya kukatia majani, ile ndogo yenye kiti na magurudumu manne ambayo Wamarekani huiendesha uani kwao kupunguza nyasi. Nyuma yake inavuta trela la kulala na kubebea mizigo. Kwetu hapa kitu kinachokaribiana nayo ni pawatila ya mashamba ya mpunga ya Magugu inapovuta trela pembeni ya lami. Mashine ya mzee ilikwenda kama kilomita 8 kwa saa. Mtoto wa darasa la sita akiamua kukimbia anaiacha nyuma.

Mzee huyo aliishi kweli. Aliitwa Alvin Straight, mkazi wa mji mdogo wa Laurens katika jimbo la Iowa, Marekani. Julai 1994 alitoka kwake akaelekea jimbo la jirani la Wisconsin, umbali wa kilomita 386 hivi, kwa sababu kaka yake Henry, aliyekuwa na miaka 80, alikuwa amepata kiharusi. Leseni ya gari hakuwa nayo, kwa ajili ya macho yake. Kubebwa hakutaka. Alifika katikati ya Agosti, baada ya wiki sita hivi.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1999, mwongozaji David Lynch alitoa filamu juu ya safari hiyo. Inaitwa The Straight Story, na hadithi yake iliandikwa na Mary Sweeney na John Roach. Lynch, aliyefariki Januari 2025, alijulikana zaidi kwa filamu za kutisha na za kuchanganya akili, zile ambazo mzazi hawezi kuwaruhusu muangalie. Hii ni tofauti kabisa. Kule Marekani ilipewa daraja la kutazamwa na watu wa umri wowote, na iliyoisambaza ni Disney, kampuni mnayoijua kwa katuni. Mnaweza kukaa na bibi mkaitazama mwanzo hadi mwisho bila mtu kuinamisha uso.

Naisimulia kwenu kwa sababu najua mnayoyaona majumbani. Kuna shamba ambalo ndugu wawili wamelipima kwa kamba mara mbili na kila kipimo kikawa na mgomvi wake. Kuna ng'ombe waliouzwa mnadani bila shangazi kuulizwa. Kuna kaka aliyekwenda Mirerani kutafuta tanzanite, akakopa nauli na mtaji kwa mdogo wake, na tangu hapo simu haipokelewi. Watu wazima wakinuniana, watoto ndio huambiwa wasiende kucheza nyumba fulani, na mara nyingi hawaambiwi kwa nini. Wanakua wakipishana na binamu zao sokoni, wakijifanya hawafahamiani.

Filamu inaanza na Alvin akiwa amelala sakafuni jikoni kwake. Ameanguka na hawezi kuinuka. Daktari anamwonya juu ya nyonga, macho, mapafu na sigara zake. Anashauriwa atumie kifaa cha kutembelea cha wagonjwa. Anakataa, anachukua mkongojo wa pili. Anaishi na binti yake Rose, mwanamke mzima mwenye kigugumizi, mwenye moyo mwema na huzuni yake mwenyewe, kwa sababu watoto wake alinyang'anywa na serikali. Usiku mmoja wa mvua na radi simu inalia. Rose anapokea, na sisi tunamtazama Alvin akisikiliza: Lyle amepata kiharusi. Katika filamu kaka huyo ameitwa Lyle badala ya Henry, na hawajasemezana kwa miaka 10.

Alvin hasemi mengi. Anaanza kutengeneza trela.

Wazee wenzake wanamcheka. Safari ya kwanza inakwisha vibaya: mashine yake kuukuu inazima njiani akiwa hajafika popote, na inabidi arudishwe nyumbani pamoja nayo. Mtu mwingine angeliona hilo kuwa dalili kwamba Mungu hataki. Alvin anatoka na bunduki, anaipiga risasi ile mashine mpaka inawaka moto, kisha anakwenda kununua nyingine, John Deere ya mwaka 1966. Anaondoka tena. Wale wazee hawacheki tena.

Yaliyobaki ni barabara, na ninawaonya mapema: filamu hii inakwenda polepole. Kamera inamtazama mzee akipita kando ya mashamba ya mahindi, inapanda juu angani, inakaa huko kwa muda, inashuka, na mzee bado yuko palepale, amesogea kidogo tu. Wale mliozoea mabanda ya video, ambako mfasiri kama marehemu Lufufu alikuwa akijaza kila pengo kwa maneno yake ya Kiswahili, mtaona hapa mapengo ni mengi mno. Nafikiri hata fundi wa maneno kama yule angenyamaza sehemu hizi. Ukimya huo una kazi. Lynch anataka mwili wako wewe mtazamaji uchoke kidogo, usikie uzito wa kila kilomita, ili mzee akifika ujue amelipa nini.

Waliitengeneza kwa uaminifu wa namna hiyo hiyo. Waliifuata njia aliyopita Alvin mwenyewe, na wakapiga picha kwa mfuatano wa safari, jambo lisilo la kawaida. Filamu nyingi hupigwa kwa kurukaruka: mwisho unaweza kupigwa siku ya kwanza, ilimradi gharama ipungue. Hapa walikwenda na barabara, kwa hiyo mashamba unayoyaona yakikauka na kuvunwa ni mashamba yaliyokuwa yakikauka na kuvunwa kweli walipokuwa wakisonga mbele. Aliyeigiza kama Alvin ni Richard Farnsworth, aliyezaliwa mwaka 1920, mwaka uleule aliozaliwa Alvin mwenyewe. Alikuwa anaumwa saratani wakati wa kazi hiyo, na miguu yake ilikuwa inamtesa kwelikweli. Kila anapojiinua kutoka kwenye kiti mnaona mzee akijiinua kutoka kwenye kiti. Alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora akiwa na miaka 79, akafariki Oktoba 2000.

Njiani Alvin anakutana na watu, na kila mmoja anamwachia kitu. Usiku mmoja anakuja msichana aliyetoroka kwao. Ana mimba, na anaogopa nyumbani watamchukia. Alvin anampa chakula na nafasi karibu na moto. Hamhubirii. Anamweleza mchezo aliokuwa akiwafanyia wanawe: kila mmoja avunje kijiti kimoja, kinavunjika, kisha avifunge vijiti pamoja ajaribu tena. Wengi wenu mnaijua hadithi hiyo, ya mzee na wanawe na fito, maana husimuliwa hata kwetu. Asubuhi Alvin akiamka msichana hayupo. Pale alipokuwa amekaa, kuna vijiti vimefungwa pamoja. Filamu haituonyeshi kama alirudi kwao. Inatuachia vile vijiti tu.

Baadaye, mashine ikishuka mlima, breki zinashindwa. Ni sehemu pekee ya filamu ambapo moyo unakupaa. Mzee ananusurika, na watu wa mji ule wanamkaribisha. Mwenye nyumba mmoja anampa uwanja wake akae mpaka mashine itengenezwe. Tazameni adabu ya Alvin hapa. Anaomba kupiga simu, lakini haingii ndani; anapiga akiwa nje. Akimaliza anaacha hela ya simu mlangoni, ingawa hakuna aliyemdai. Mwenye nyumba, kwa wema kabisa, anajitolea kumwendesha kwa gari sehemu iliyobaki. Alvin anamshukuru na kukataa. Anataka kuimaliza safari kwa namna aliyoianza.

Mafundi wanaomtengenezea mashine ni mapacha, na wanagombana kwa kila spana. Alvin kwanza anawapunguzisha bei, kwa ustadi ambao mama zenu wanaokwenda sokoni wangeufurahia. Kisha anawaambia kwamba anakwenda kwa kaka yake, na kwamba hakuna mtu atakayekujua maisha yako yote kama ndugu uliyekua naye. Wale mapacha wanatulia. Sidhani kama wameacha kugombana, lakini kwa dakika ile wamesikia.

Katika mji huo huo anakaa baa na mzee mwenzake. Mwenzake anakunywa bia, Alvin anakunywa maziwa, maana pombe iliwahi kumharibia maisha akaiacha. Wote wawili walipigana Vita Kuu ya Pili. Alvin alikuwa mdunguaji, na siku moja alifyatua risasi akidhani amemwona adui, kumbe ni mwenzao. Hakuwahi kumwambia mtu. Amekaa na siri hiyo miaka 50 hivi. Ukiwa kijana unaweza kujiuliza jambo hili linahusu nini ugomvi wa ndugu. Linahusu sana. Mtu aliyejifunza kuficha kitu kizito namna hiyo hujifunza pia kunyamaza mbele ya wanaompenda, na pombe hujaza pale palipokuwa pa maneno.

Hapa najua swali lenu, kwa sababu kila anayesimuliwa filamu hii huliuliza: waligombana kwa nini? Filamu haisemi. Karibu na mwisho, Alvin amepiga kambi kwenye makaburi ya kanisa dogo, kilomita chache tu kutoka kwa kaka yake, na mchungaji wa hapo anakuja kuongea naye. Alvin anamtajia hasira, majivuno na pombe. Basi. Hakuna shamba, hakuna urithi, hakuna mwanamke. Anasema kilichotokea hakina maana tena kwake. Anataka kukaa na kaka yake na kuzitazama nyota, kama walivyofanya wakiwa wadogo. Wapo watazamaji wanaokasirika kunyimwa sababu. Mimi naona Lynch na waandishi wake walifanya sawa. Wangetupa sababu, tungeanza kuamua nani alikuwa na haki, tungegawanyika kama wale wanaokaa baraza la ukoo, na mzee angebaki peke yake barabarani na mashine yake.

Kabla sijawafikisha mlangoni kwa Lyle, nitawapeleka kidogo Unguja. Kuna ndugu wawili wa huko ambao hadithi yao ni ya kweli tupu, na ninaamini haieleweki vizuri mpaka iwekwe karibu na ya Alvin.

Sultani Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto zaidi ya 30. Mmoja wao, Majid, alitawala Zanzibar, na ndiye baadaye aliyeanza kujenga Dar es Salaam. Mdogo wake Barghash alitaka kiti hicho. Mwaka 1859 Barghash alikula njama, na dada zake wawili, Khole na Salme, wakawa upande wake. Salme alikuwa na miaka 15 hivi, umri wa wengi wenu. Alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana wa kasri walifundishwa kusoma bila kuandika. Elimu hiyo aliyojipa ndiyo iliyomfanya kuwa mwandishi wa barua za wale waasi.

Majid alipogundua, alizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Usiku Khole na Salme wakaenda pale na kundi la wanawake. Askari hawakuthubutu kuwazuia mabinti wa Sultani. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao amefunikwa nguo za kike. Wakampitisha mbele ya bunduki za kaka yao wenyewe. Pigeni picha hiyo vichwani mwenu, kwa sababu ndivyo dada huyu na kaka huyu walivyokuwa karibu siku moja ya maisha yao.

Uasi ulishindwa. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay kwa miaka 2. Majid hakumwadhibu Salme, na baada ya muda wakapatana. Kwa Khole na Barghash, kupatana huko kulikuwa usaliti. Kisha Salme akampenda jirani yake, mfanyabiashara wa Hamburg aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete, akapata mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa akaitwa Emily, akaolewa, akahamia Ujerumani. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto 3 wadogo. Mwaka huohuo Majid naye akafariki, na kiti cha Zanzibar kikaenda kwa Barghash.

Ninyi mnaweza kudhani sasa mambo yangekuwa rahisi. Aliyemtorosha kwa nguo za kike ndiye sasa anayemhitaji. Mwaka 1875 Barghash alikwenda London, na Salme akasafiri kutoka Ujerumani kwenda kumwona. Alikuwa jiji moja na kaka yake. Lakini Waingereza, kupitia Sir Bartle Frere, walimshawishi asimwendee, wakimwahidi msaada kwa ajili ya watoto wake. Walikuwa na mambo yao na Sultani, hawakutaka yachafuliwe. Alirudi bila kumwona, na msaada haukuja. Jambo hili huniuma kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu ile ndiyo safari aliyoifanya kama Alvin: mtu mwenyewe, bila jeshi wala cheo.

Miaka 10 ilipita. Agosti 1885 Salme akaiona tena Zanzibar, akiwa na watoto wake. Safari hii alikuja kwa meli ya msafara wa Kijerumani, na mbele ya kasri zilikuwa zimetia nanga manowari za Ujerumani, mizinga imeelekezwa ufukweni. Ujerumani ilikuwa inamtaka Barghash akubali mikataba ambayo Mjerumani Carl Peters aliifanya bara. Dada aliyekuja kuomba kupatanishwa na kudai urithi wake alikuwa pia raia wa Ujerumani, na madai yake yakawa fimbo nyingine mkononi mwa mkubwa. Watu wa mjini walimsalimu kwa furaha njiani. Kaka yake alikataa kumpokea. Barghash alishindwa mbele ya manowari juu ya nchi, lakini mlango wa nyumba yake hakuufungua. Alifariki Machi 1888. Salme alikuja tena mwaka huohuo, na mrithi wa kiti, Khalifa, naye hakumpokea. Alifia Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na katika kaburi lake Hamburg aliwekewa mchanga wa pwani ya Zanzibar aliokuwa ameutunza.

Wahenga wetu husema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake jirani asijitie kati, aende shambani kwake, hao watapatana wenyewe. Waliojitia kati ya Salme na Barghash hawakwenda kulima. Walikuja na kapu ugomvi ukiwa bado unawaka, wakavuna. Bara ambalo Barghash alilazimishwa kuliachia lilipanuliwa mpaka likawa Afrika Mashariki ya Kijerumani, pamoja na ardhi hii tunayoishi, ziwa letu na mlima wetu. Mwaka 1890 Zanzibar yenyewe ikawekwa chini ya Waingereza.

Simlaumu Salme. Alikuwa mjane, mama wa watoto, mgeni katika nchi ya baridi, na hakuwa na njia nyingine ya kufika. Wala sioni rahisi kumlaumu Barghash. Ukisikia dada yako anabisha hodi, ukachungulia dirishani ukaona mizinga nyuma yake, utamfungulia nani? Huwezi kumfungulia yeye peke yake.

Rudini sasa kwa Alvin, mtaelewa kwa nini alikataa lifti ya yule mwenye nyumba mwema. Angefika kwa gari la mtu, kaka yake angelazimika kumkaribisha na mwenye gari, kumpa kahawa, kumwonyesha uso wa wageni. Angefika na wanawe, wangekuwa mashahidi. Angefika kwa basi, ungeweza kudhani alikuwa anapita tu. Watu wote waliomsaidia njiani, na walikuwa wengi, walimpa uwanja wa kulala, spana na simu. Hakuna aliyetaka kwenda naye kusema la kwake. Walichukua jembe wakalima.

Nyumba ya Lyle ni kibanda cha mbao kilichochakaa, kimekaa mbali na barabara. Alvin anasimama nje na kumwita kaka yake kwa jina. Kimya. Anaita tena, na sasa unaogopa kwamba amechelewa. Kisha sauti inajibu kutoka ndani. Anatoka Lyle, aliyeigizwa na Harry Dean Stanton, amekonda, anajikokota na kifaa cha kutembelea, kile kile ambacho Alvin alikikataa mwanzoni. Anamwambia mdogo wake akae. Wanakaa kwenye viti viwili barazani. Lyle haombi msamaha, wala Alvin haombi. Lyle anaitazama ile mashine na trela lake pale uani, anaitazama kwa muda, uso unaanza kutetemeka, na anauliza kama kweli amekuja na kitu kile njia yote hiyo ili kumwona yeye. Alvin anasema ndiyo.

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Kila mara naona yanatosha. Lyle amepiga hesabu kichwani: kilomita, mwendo, mvua, umri. Kila alichotaka kusikia kimeegeshwa uani. Kisha macho yao yanapanda juu, na filamu inatuonyesha nyota.

Mtauliza kama katika maisha ya kweli ilikuwa hivyo. Safari ya kweli ilikuwa na taabu zisizopendeza kwenye picha. Injini iliharibika mapema na matengenezo yakala hela yake. Ilibidi apige kambi kwa wiki kadhaa kusubiri pensheni ya mwezi uliofuata. Karibu na mwisho mashine ikamshinda kabisa, na mkulima mmoja akamsaidia kuisukuma sehemu ndogo iliyobaki. Habari zilipoenea, vipindi vikubwa vya televisheni vilimwita. Hakwenda, hakupenda kufanywa kituko. Ndugu mmoja alimrudisha Iowa kwa pikapu. Alvin alifariki Novemba 1996, filamu ikiwa haijatengenezwa, na kwenye mazishi yake mashine ya kukatia majani inayofanana na ile iliandamana na msafara hadi makaburini. Henry alipata nafuu, na baadaye alihamia Iowa akaishi karibu na ndugu zake.